Ubora na Aina katika Hukumu ya Bia

Mithali yasema kuwa chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Kama neno hili lingekuwa kweli wakati wote, ulimwengu usingekuwa na haja ya waamuzi. Kitu bora kingejulikana kwa ubora wake kama jua lijulikanavyo kwa nuru yake, na kitu duni kingejificha kwa aibu yake. Lakini mambo ya wanadamu hayaendi hivyo. Chema hupita sokoni bila ya kutazamwa. Kibaya hupambwa kikanunuliwa. Na mahali pengi watu wameona lazima kuweka meza, kuketisha waamuzi, na kuuliza: kipi kilicho bora? Swali hili huonekana dogo mpaka lijibiwe. Likiisha kujibiwa, aghalabu hutokea makundi mawili, moja likishangilia na moja likishangaa. Na mshangao wa kundi la pili hustahili kufikiriwa kuliko shangwe ya kundi la kwanza.

Mfano mmoja wa jambo hili ni mashindano ya bia. Huenda msomaji mmoja akaona kuwa mfano huu hauna heshima ya kutosha, na mwingine, ambaye dini yake au shauri lake mwenyewe humkataza kileo, akaona haumhusu. Lakini suala lililomo si la kunywa, bali ni la kuhukumu. Mtu asiyeonja tone la bia maisha yake yote aweza kulipima sawasawa na mlevi, na yamkini vizuri zaidi.

Mashindano makubwa ya Marekani, yaitwayo Great American Beer Festival, yalianza mwaka 1982 katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado, kwa juhudi ya Charlie Papazian, na baadaye yakahamia Denver. Katika miaka ya mwanzo watazamaji waliachiwa kuchagua kwa kura bia waliyoipenda kuliko zote. Mwaka 1987 ukaingia utaratibu mwingine. Waonjaji wenye ujuzi waliketishwa, bia zikaletwa mbele yao bila jina wala chapa, na kila bia ikahukumiwa pamoja na za aina yake peke yake. Kwa utaratibu huu bia nyeusi iitwayo stauti haishindanishwi na laga nyepesi ya rangi ya majani makavu, wala bia ya ngano ya Bavaria haishindanishwi na bia kali ya Ubelgiji. Kila aina ina fungu lake, na kila fungu lina maelezo yaliyoandikwa: rangi iwe hivi, povu liwe hivi, uchungu usipite kiasi hiki, harufu hii yatakiwa na harufu ile ni ila. Hati ya chama cha watengenezaji bia wa Marekani imefika kueleza aina zaidi ya 100.

Yako pia mashindano ya watu watengenezao bia nyumbani kwao, ambayo waamuzi wake hufunzwa na kutahiniwa chini ya mpango ulioanzishwa mwaka 1985. Huko kila bia hupimwa kwa alama 50: alama 12 ni za harufu, 3 za sura, 20 za ladha, 5 za uzito wake kinywani, na 10 za namna inavyompendeza mwonjaji kwa jumla. Hesabu hii yenyewe ni falsafa fupi. Aliyeipanga ameamua kwamba macho yasipewe ila sehemu ndogo ya hukumu, ijapokuwa ndiyo yatanguliayo kuona. Na tena amekiri kwamba, hata baada ya kila sifa kupimwa peke yake, hubaki kitu kizima ambacho si jumla ya sehemu zake, nacho chastahili alama zake.

Utaratibu huu ulipangwa kwa uangalifu, na hata hivyo matokeo yake hayaachi kushangaza. Mtu aliyesoma habari za ufundi wa bia, akajua majina ya viwanda vidogo vyenye sifa, hufungua orodha ya washindi akitumaini kuyaona majina yale. Huyaona baadhi, lakini katika fungu la laga nyepesi za Kimarekani hukuta kwamba nishani ya dhahabu imepata kuchukuliwa na Miller Lite au Old Milwaukee, bia zinazouzwa kwa bei rahisi katika kila duka, ambazo wapenzi wa bia huzitaja kwa dhihaka. Hapo husikika malalamiko. Wengine husema kwamba waamuzi wamenunuliwa. Wengine husema kwamba ndimi zao zimekufa. Wachache huuliza kwanza swali lililo la haki, yaani: waamuzi hawa waliulizwa nini?

Jibu ni kwamba waliulizwa ni bia ipi kati ya zile iliyofikia ukamilifu wa laga nyepesi ya Kimarekani. Maelezo ya aina hiyo hutaka bia isiyo na uzito, yenye rangi hafifu sana, iliyo safi, yenye uchungu mdogo, na ladha kali ndani yake huhesabiwa kuwa ni kosa. Bia ya namna hii si rahisi kuitengeneza. Katika bia nzito yenye kimea kilichokaangwa na hopsi nyingi, kosa dogo la chachu hujificha kama mwizi katika msongamano wa watu. Katika bia nyepesi kosa lile lile husimama peke yake uwanjani. Kiwanda kikubwa chenye maabara, mafundi na mashine, kinachotengeneza bia ile ile kila siku kwa miaka mingi, chawezaje kushindwa kuitengeneza vizuri? Waamuzi hawakukosea. Waliulizwa swali moja wakalijibu. Watazamaji walisikia jibu la swali jingine.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa jambo lote. Maswali mawili huvaa nguo moja, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa ni swali moja. La kwanza ni hili: kitu hiki ni kizuri kiasi gani? La pili ni hili: kitu hiki ni kikamilifu kiasi gani katika aina yake? Neno “bora” hutumika kwa yote mawili. Mtu husema paka bora na nyumba bora na hotuba bora, na kila mara neno hili hukopa maana yake kwa kitu kilichosimama karibu nalo. Ubora usiokuwa wa kitu cho chote ni vigumu kufikirika. Hata hivyo moyo wa mwanadamu hauridhiki na ubora uliofungwa katika aina. Hutaka kujua lililo bora kupita yote, kama mtoto anayeuliza nani mwenye nguvu zaidi, simba au papa.

Kuna waonao kwamba mafungu haya ni dhuluma tupu, nao wana hoja zenye nguvu. Katika mji wa Plzeň, ulioko Bohemia, husimuliwa kuwa mwaka 1838 wenyeji walichukizwa na ubaya wa bia yao hata wakamwaga mapipa yake mbele ya watu. Kiwanda kipya kilijengwa, akaitwa fundi kutoka Bavaria jina lake Josef Groll, na mwezi wa Oktoba mwaka 1842 alitengeneza bia ya rangi ya dhahabu, yenye kung'aa, kwa kimea hafifu cha huko, hopsi za nchi ile, maji mepesi, na chachu itendayo kazi yake chini ya pipa katika baridi. Bia hiyo ndiyo mama wa pilsna zote za ulimwengu. Tuseme kwamba mwaka ule kulikuwako meza ya waamuzi wenye mafungu yaliyoandikwa. Bia ya Groll ingewekwa wapi? Kwa bia za giza za Bavaria ingehesabiwa kuwa imepauka. Kwa bia za juu za Bohemia ingehesabiwa kuwa na chachu isiyo yake. Hukumu ingefuata kanuni kila hatua, na mwisho wake bia iliyokuja kuigwa kuliko zote ingerudi nyumbani bila nishani.

Jambo hili si la kubuni tu, kwa maana mfano wake umeonekana katika karne hii. Katika jimbo la Vermont, Marekani, walitokea mafundi waliotengeneza IPA, bia yenye hopsi nyingi ambayo asili yake ni Uingereza, kwa namna ambayo ilitoka nzito na yenye ukungu kama maji ya matunda. Kwa maelezo ya aina iliyokuwako, ukungu ulikuwa ni upungufu. Wanywaji hawakujali maelezo, walipanga foleni. Kwa miaka kadhaa kikawako kitu cha ajabu: bia iliyotafutwa kuliko nyingine zote nchini haikuwa na mahali pa kusimama mbele ya waamuzi. Mwaka 2018 fungu lake lilifunguliwa huko Denver, na mara moja zikaletwa bia 391, nyingi kuliko fungu lingine lo lote la mwaka ule. Ukungu uliokuwa kosa jana ukawa sharti leo. Bia haikubadilika, kilichobadilika ni karatasi.

Kwa hiyo mwenye kuyapinga mafungu husema: aina ni kumbukumbu ya vitu vilivyopendwa zamani, na mwenye kuhukumu kwa aina humhukumu mtoto kwa kufanana kwake na babu. Maneno haya ni matamu, na sehemu yake ni kweli. Lakini asiyeona ila upande huu hajaona nusu ya jambo.

Yafaa kutazama hali ya mashindano yasiyo na mafungu. Katika Maonyesho ya Ulimwengu ya Chicago ya mwaka 1893, utaratibu ulikuwa kwamba kila kitu kilichofikia kiwango kipewe nishani ya shaba, bila ya kutafuta wa kwanza na wa pili. Watengenezaji wa bia hawakutosheka na haki ya namna hiyo, walitaka mshindi. Nyumba mbili kubwa, Pabst ya Milwaukee na Anheuser-Busch ya St. Louis, ziligombania alama kwa ukali, na ugomvi ukaendelea baada ya milango ya maonyesho kufungwa. Pabst ilikuja kuandika katika chapa ya bia yake kwamba ilichaguliwa kuwa bora ya Marekani mwaka ule. Utepe wa buluu uliokuwa sifa ya bia hiyo haukutoka Chicago. Kiwanda chenyewe kilianza kuufunga katika shingo za chupa mwaka 1882, miaka 11 kabla ya maonyesho. Ushindi usio na kipimo kilichotangazwa hushuhudiwa zaidi na mshindi mwenyewe.

Na kura ya watazamaji nayo ina mashaka yake. Samuel Adams Boston Lager ilishinda kura hiyo katika mashindano ya Colorado mwaka 1985, 1986 na 1987, na ushindi ule ulipotumiwa katika matangazo ya biashara kwa maana ya bia bora ya Marekani, watengenezaji wengine walinung'unika. Bia ile ilikuwa nzuri, na hakuna aibu katika kupendwa na wengi. Lakini kupendwa na wengi waliokuwako siku ile, katika ukumbi ule, si sawa na kuwa bora katika nchi nzima.

Tena iko hoja iliyo nzito zaidi. Ulimi wa mwanadamu huvutwa na nguvu. Vikombe thelathini vikiwekwa mezani, kikombe chenye ukali, utamu au uchungu mwingi ndicho kikumbukwacho mwisho wa kazi, na kikombe chenye upole husahauliwa. Bila ya mafungu, bia nyepesi za Uingereza, zilizotengenezwa ili mtu azungumze na rafiki zake jioni nzima bila ya kulewa, hazingeshinda hata mara moja. Zingeshindwa si kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu wema wao hausemi kwa sauti kubwa. Fungu huwa kinga ya mnyonge: humpa mpole uwanja ambao mwenye kelele haruhusiwi kuingia. Gose ya Leipzig, bia ya ngano yenye chumvi na giligilani, ilikoma kutengenezwa mwaka 1966 ikafufuliwa mwaka 1986; leo ina maelezo yake yaliyoandikwa, na mafundi wa nchi za mbali huitengeneza kwa kuyafuata. Kitu kilichokufa mara moja chahitaji jina lililoandikwa ili kisife mara ya pili.

Udhaifu wa ulimi wenyewe umepimwa. Katika mashindano ya mvinyo ya jimbo la California, Robert Hodgson, mstaafu wa ualimu wa elimu ya bahari na mtengenezaji wa mvinyo, alipanga waamuzi wapewe mvinyo ule ule, kutoka chupa ile ile, mara tatu katika safu moja bila ya kujua. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2008 yalionyesha kwamba karibu mwamuzi mmoja tu katika kumi ndiye aliyeweza kurudia hukumu yake ndani ya daraja moja la nishani. Nchini Ufaransa, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001, Frédéric Brochet na wenzake waliwapa waonjaji 54 mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Basi jicho hudanganya pua, na mwamuzi wa saa tatu si yule wa saa nne.

Mtu aweza kuyasoma haya akasema kwamba kuhukumu ni upuuzi, na nishani zigawanywe kwa kura ya bahati. Hilo ni kosa la kukata tamaa. Kipofu hatupi fimbo yake kwa sababu amejikwaa. Maelezo ya aina ni fimbo ya namna hiyo: hayampi mwamuzi macho, lakini humpa kitu cha kugusa nje ya nafsi yake. Asiye na maelezo hana cha kurejea ila hamu yake. Na hamu ya mtu, ikiachwa peke yake, hujiita ukweli.

Hata hivyo fimbo nayo hubadilisha mwendo wa mwenye kuishika. Wazoefu wa mashindano wanajua kwamba bia ile ile, iliyotoka katika pipa lile lile, ikiingizwa katika mafungu mawili, yaweza kupata sifa katika fungu moja na lawama katika la pili. Kwa hiyo pamekuwako shauri ambalo wakubwa wa kazi hii huwapa wanafunzi: ingiza bia uliyoipata, si bia uliyoikusudia. Fundi aliyetaka kutengeneza bia ya rangi hafifu, kimea kikamtoka kwa wingi na rangi ikakolea, asiipeleke katika fungu alilolitaka. Aionje kwa haki, atafute fungu inalofanana nalo, aipeleke huko. Wako waliofanya hivyo wakapata dhahabu kwa bia iliyokuwa kosa.

Je, nishani hiyo ni halali? Hapa suala la vikombe huwa suala la maadili. Upande mmoja husema si halali, kwa sababu ustadi ni kufika pale mtu alipoelekea. Mwenye kupiga mshale ukaangukia mbali, kisha akachora duara kuuzunguka, hakulenga shabaha. Upande wa pili husema ni halali kabisa, kwa sababu mwamuzi hakualikwa kuuhukumu moyo wa fundi. Aliletewa kikombe, na nia haiko katika kikombe. Dini hufundisha kwamba matendo hupimwa kwa nia, lakini mizani hiyo iko mikononi mwa Mwenye kujua yaliyo mioyoni. Meza ya wanadamu haiwezi kuipima nia bila ya kusingizia. Heri ihukumu kazi, na nia imwachie mwenyewe.

Lakini kwa kumwachia mwenyewe haimaanishi kumsamehe. Fundi aliyeshinda kwa kosa amepewa nishani, na pamoja na nishani amepewa deni. Bia yake imesifiwa. Yeye hajasifiwa bado, mpaka aweze kuirudia kwa makusudi. Akijua hivyo, kosa lake litakuwa mwalimu. Asipojua, basi yatamfika ya mgema, ambaye akisifiwa tembo hulitia maji.

Limebaki swali la mwenye kuandika maelezo ya aina, nalo ndilo lisiloulizwa sana. Mwamba ngozi huvutia kwake. Orodha za aina za bia zilizotawala mashindano zimeandikwa na watu wa Marekani, na msingi wake ni kazi ya Mwingereza Michael Jackson, mwandishi aliyefariki mwaka 2007, ambaye kitabu chake cha mwaka 1977 kilizipanga bia za ulimwengu kwa mitindo. Juhudi yao ni ya kusifiwa. Lakini katika orodha hizo bia za Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza zimegawanywa kwa wembamba hata tofauti ya rangi kidogo hufanya fungu jipya, na wakati huo huo hati ya Marekani imepata kuzitaja bia za mtama za Afrika kwa maneno machache, ndani ya fungu moja na chicha ya Amerika ya Kusini na chang ya Nepal. Mabara matatu yametiwa katika kapu moja.

Mtu wa Kilimanjaro akisikia hivyo atacheka au atasikitika. Mbege ya Wachaga ni ya ndizi zilizoiva na kimea cha ulezi, na uchungu wake hutoka katika gome la msesewe, si katika hopsi. Busaa ya magharibi ya Kenya ni ya mahindi na kimea cha wimbi. Urwagwa wa Rwanda na Burundi ni wa maji ya ndizi na mtama. Hizi si aina moja, na kila moja ina wajuzi wake, wazee ambao kwa funda moja hujua kama ulezi ulichipuka vema na kama pombe imewahi au imechelewa. Mbege huandaliwa kwa arusi, kwa matanga na kwa mapatano ya waliogombana, na ubaya wake huweza kuharibu zaidi ya karamu. Lakini hainyweki mbali na siku yake. Huendelea kuchacha, na kesho si ile ya leo. Haiwezi kungoja katika chupa mpaka ifike Denver. Basi haikushindwa katika mashindano, wala haikushinda. Iko nje ya swali. Kutokuwa na nishani kwake hakuthibitishi kitu cho chote juu ya ubora wake, ila kwamba meza iliwekwa mbali na mahali inaponywewa.

Wasomi wa Kiswahili hawana haja ya kwenda mbali kuyafahamu haya, kwa kuwa wameyaona katika nyumba yao. Kwa muda mrefu kipimo cha shairi kilikuwa vina na mizani, na utungo uliopungukiwa navyo uliitwa guni, jina la upungufu. Katika miaka ya 1970, baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, ulizuka mjadala mkali: je, utungo usiofuata vina na mizani ni shairi? Leo utungo wa namna hiyo una jina lake, shairi huru, na husomwa madarasani. Vina na mizani havikufa kwa sababu hiyo. Bado vina mabingwa wake na utamu wake. Kilichokufa ni dai kwamba kipimo cha aina moja ni kipimo cha ushairi wote. Atungaye kwa vina ahukumiwe kwa vina, na asiyeviahidi asihukumiwe kwa ahadi asiyoitoa.

Katika neno hilo la ahadi huenda ndipo ilipo haki ya jambo lote. Kuingiza kitu katika fungu ni kutoa ahadi: hiki ni pilsna, hili ni shairi la tarbia, huyu ni mtahiniwa wa hesabu. Mwamuzi hupima kama ahadi imetimizwa, na kwa kazi hiyo anastahili kuaminiwa hata matokeo yakishangaza. Akikipa kitu nishani kwa uzuri ambao haukuahidiwa, amewadhulumu waliotimiza ahadi zao mbele yake. Akikinyima nishani, kisha akasema kuwa hakina uzuri, amesema asilolijua. Maana hakuulizwa hilo. Uaminifu wake umo katika kutoa hukumu ndogo aliyoitwa kuitoa, na kunyamaza juu ya hukumu kubwa.

Mtazamaji naye ana wajibu wake, nao ni kusoma hukumu kwa kadiri ya maneno yake. Nishani ya laga nyepesi haisemi kwamba bia ile yapita bia zote. Kushindwa kwa bia ya ukungu kabla ya mwaka 2018 hakukusema kwamba haifai kunywewa. Wengi wa wanaolalamika juu ya waamuzi hulalamika juu ya maneno waliyoyatia wenyewe katika vinywa vya waamuzi.

Wajibu mzito kuliko wote ni wa waandishi wa mafungu. Mwamuzi hufungwa na kanuni kwa siku moja. Mwenye kuiandika hana wa kumfunga ila dhamiri yake. Imempasa kukumbuka kwamba kila aina aliyoiandika ilikuwa siku moja kitu kisichokuwa na aina, kazi ya mtu mmoja aliyekosea au aliyethubutu, kama Groll na pipa lake. Kwa hiyo, baada ya nishani kutolewa na wageni kwenda zao, imempasa kurudi mezani na kuvionja tena vikombe vilivyokataliwa. Humo hatakuta ila makosa mara nyingi. Mara moja moja atakuta aina ambayo bado haina jina, na siku hiyo kitu kitakachokuwa kinahukumiwa si bia, bali ni karatasi yake.